Masale Nyuma ya Kanisa

Nilimwogopa tangu siku ya kwanza aliponisalimu, nikajiambia nikizoea mlima nitaacha. Mlima niliuzoea, yeye yuko kaburini, na mpaka leo nikiweka kikombe vibaya mezani nahisi kuna mtu amesimama mgongoni kwangu. Tulimwita Shemasi. Kanisani kwetu mashemasi walikuwa wengi, wanaume kwa wanawake, lakini kule Mamba, kijijini kwetu juu ya milima ya Upare, ukitaja Shemasi bila kuongeza jina kila mtu alijua ni nani, na aliyekaa vibaya alijiweka sawa.

Kazi yake ilikuwa kutunza vyombo vya Meza ya Bwana: trei ya vikombe vidogo, sahani ya mkate, jagi, na kitambaa cheupe cha kufunikia. Vilikaa nyumbani kwake ndani ya sanduku la mbao, na sanduku lilikaa chumbani, na chumbani humo mumewe mwenyewe aliingia kwa kubisha hodi. Pengine kwa mumewe nazidisha chumvi, maana alikuwa mpole kiasi cha kubisha hodi hata kwenye banda la mbuzi. Lakini hili nililiona kwa macho yangu: Sabato ya Meza, akiwa amebeba vile vyombo, Shemasi hakumwamkia mtu. Kwetu mwanamke hapiti mbele ya mzee kimya kimya hata kama ana mzigo wa kuni kichwani. Yeye alipita na mdomo umefungwa, na wazee ndio waliotoka njiani kumpisha. Nilimuuliza siku moja kwa nini hasemi hata shikamoo.

"Nimebeba," alinijibu.

"Sasa kubeba ndiyo kunafunga mdomo?"

"Mama Eliamani, mdomo huu huu jana umesengenya. Nipulizie nini juu ya vile vikombe?"

Mimi nilimwelewa kuliko wenyeji walivyodhani. Nilizaliwa chini, Same, baba yangu akiwa na duka kando ya barabara kuu. Nyumbani kwetu Msahafu ulikaa rafu ya juu kabisa ukiwa umefungwa kwenye kitambaa cha kijani, na hakuna kitu, hata kibiriti, kilichoruhusiwa kuwekwa juu yake. Nikiugua nilinyweshwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji. Kisha nikaolewa mlimani na mkulima wa tangawizi, mtu wa Sabato, nikabatizwa mtoni kwenye maji ya baridi ambayo mifupa yangu haijayasahau. Niliambiwa kwamba sasa nimetoka kwenye mambo ya vitu na kuingia kwenye mambo ya roho. Nikamkuta Shemasi, na sikuona tofauti kubwa.

Nilipojifungua Eliamani, mama yangu alipanda kutoka Same kunitazama, na aliposhuka aliacha hirizi ndogo ya ngozi kwenye kiuno cha mtoto. Sijui nani alipeleka habari. Kesho yake asubuhi Shemasi alikuwa mlangoni, hakuketi, hakunywa uji. Aliomba koleo la mkaa. Alikata uzi kwa kisu, akaibana ile hirizi kwa koleo asiiguse, akaitia jikoni kwangu na kusimama mbali mpaka ikaisha. Halafu akaniambia nisipikie tena jiko lile, nilivunje na nitafute lingine. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba kama ile hirizi haina nguvu, jiko limekosa nini.

"Nani amekwambia haina nguvu?" alisema. "Nimesema si ya kwetu."

Watu walidhani hakuwa na imani ya vitu kwa sababu alivichoma. Mimi siku ile niliona kwamba katika kijiji kizima hakuna aliyeviamini kama yeye. Mume wangu alicheka nilipomsimulia, lakini jiko alilivunja mwenyewe.

Na msifikiri alikuwa mtu wa kununa saa zote. Akishaweka vyombo sandukuni na kufunga, alikuwa mcheshi kuliko sisi sote. Aliweza kumwigiza mchungaji wetu anavyopanda mlima, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika Biblia, mpaka tukamwaga maharage tuliyokuwa tunachambua. Binadamu hakumwogopa hata mmoja. Aliwahi kumwambia mkubwa fulani wa kanisa, aliyekuja kwa gari, atoe kofia yake juu ya meza ya mbele kwa sababu meza si kigingi. Aliogopa vitu tu. Kikombe kimoja cha trei kilipopata ufa hakukitupa wala hakukitumia. Alikifunga kwenye kitambaa na kukiweka peke yake, na tukimuuliza anasubiri nini kukitupa alisema, "Kimeshika yale. Kitaenda wapi?"

Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni ikipangiwa foleni na vitenge vikitoka kwa kibali. Kitambaa cha Meza alikifua kwa maji ya majivu, akakianika ndani ili kisipigwe na vumbi, na kukipiga pasi ya mkaa huku akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Divai ya kwetu haikuwa na kilevi. Alikuwa anachemsha zabibu kavu zilizotoka Dodoma na kuzikamua. Zabibu zikakosekana. Mchungaji akaruhusu tutumie choya, lile ua jekundu la kupikia juisi, maana rangi ni ileile na Mungu anajua hali yetu. Wengi tulifurahi, choya ni tamu. Shemasi alichemsha kama alivyoagizwa, lakini alinyong'onyea wiki nzima. Aliniambia hajui sasa anabeba nini. Zabibu alizijua, zimeandikwa. Choya haijaandikwa popote, na kama Bwana amekubali kuingia humo basi ameingia kwa kuhurumiana, na kitu cha kuhurumiana kinataka uangalifu zaidi.

Uangalifu wenyewe ulikuwa hasa kwenye mabaki. Kwa utaratibu wa kanisa letu, mkate na divai vilivyoombewa havirudi nyumbani wala havitupwi. Mkate uliobaki unachomwa, na divai inamwagwa ardhini kwa heshima. Makanisa mengine shemasi humwaga popote nyuma ya ukuta na kazi inaisha. Wetu alichagua mahali pamoja, penye mteremko nyuma ya kanisa karibu na jiwe kubwa, na kila robo mwaka alimwaga hapohapo na kuzika majivu ya mkate hapohapo, ili asije akakanyaga mahali palipomwagwa bila kujua. Udongo ulishika wekundu wa choya. Mbuzi wakaanza kupita. Aliwaogopa mbuzi kwa ajili ya pale kuliko mama anavyoogopa chui kwa ajili ya mtoto. Waya wa kuzungushia haukupatikana, seng'enge zilikuwa hadithi. Basi akazungushia masale.

Hapa ndipo penyewe. Masale ni mmea wa majani marefu usiokufa na usioliwa na mbuzi, kila mtu anao mpakani. Lakini masale yaliyopandwa duara, pasipo mpaka wowote, Mpare hahitaji kuelezwa ni nini. Kila ukoo ulikuwa na mpungi wake, kichaka cha wazee, ambamo zamani mafuvu ya waliotangulia yaliwekwa kwenye vyungu na pombe ya miwa kumwagwa chini. Sasa watu waliona duara la masale, jiwe, mama mmoja anayekuja peke yake bila kumsalimu mtu, anamwaga kitu chekundu, anafukia majivu na kuondoka bila kugeuka. Hata mimi wa kuja, wa barabarani, niliona. Yeye hakuona. Alikuwa amepinga matambiko maisha yake yote, na macho yake yalikuwa kwa mbuzi.

Eliamani aliugua akiwa anajifunza kutembea. Homa ilimpanda akawa haoni anayemtazama, shingo inalegea. Zahanati ilikuwa na mganga na kuta, dawa hakuna. Mume wangu alibeba tangawizi akashuka Same kutafuta vidonge, na akivikosa aendelee mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu kwa rafiki zake wavuvi, ambao wenye magari ya samaki waliwaletea vitu kutoka mbali. Nikabaki na mama mkwe. Asubuhi moja nilitoka kuchota maji, niliporudi nikamkuta mama mkwe amempakata mtoto, anamnywesha kwa kijiko, na chini ya bakuli kuna tope jekundu.

"Mama, hicho ni nini?"

"Cha kanisani," alisema, bila kuinua kichwa. "Ni cha kwenu hukohuko. Nyamaza."

Nilitua maji. Nilikuwa nimekunywa kombe mara ngapi mimi, ningemwambia nini? Jioni ile ile mume wangu aliingia na vidonge kwenye karatasi ya gazeti. Tukasaga, tukampa. Alfajiri mtoto alidai uji.

Kufikia Sabato iliyofuata kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyetaja vidonge. Shemasi alikuja kwangu saa ya mchana. Safari hii aliketi, tena chini, kwenye gunia la mahindi.

"Ni kweli walichota pale?"

"Ni kweli, Shemasi."

"Na amepona."

"Baba yake alileta vidonge."

"Basi utasimama kanisani useme vidonge. Nakuomba, mwanangu. Mimi nimeenda kutazama. Kuna unga umenyunyizwa. Kuna tangawizi imewekwa juu ya jiwe. Kuna maziwa." Alisema neno maziwa kama anataja nyoka. "Wamenifanya nini? Nimetengeneza mpungi kwa mikono yangu, kwa divai ya Bwana. Nitajibu nini?"

Nilimhurumia, na nikaogopa vilevile. Kusema ni vidonge kulikuwa ni kusema ukweli niliouona. Lakini udongo nao niliuona, na mtoto alikuwa amelala pale amepona, na sikutaka kabisa kumkosea yeyote aliyehusika, awe nani. Hata hivyo nilisimama. Nilisema mbele ya kanisa kwamba mwanangu alipewa dawa ya malaria iliyotoka Same na ndiyo iliyomtibu, Mungu asifiwe. Nikaketi. Wiki nzima nilikuwa namgusa mtoto paji la uso kila nikipita. Na kanisa lilisema nini? Walisema vidonge kama vile wamevimeza wengi na wamezikwa. Mama mmoja alinishika mkono nje akaniambia nimefanya vizuri kuficha, mambo kama yale hayatangazwi.

Baada ya hapo Shemasi hakuwa na raha. Alijaribu kumwaga mabaki mahali pengine, akakuta watu wamekwisha kufika huko na vibuyu vyao, wanamfuata kwa macho kutoka mashambani. Mzee wa kanisa alimshauri ayakate yale masale yaishe. Hakuna aliyekubali kumsaidia, hata wale vijana wa kanisa waliojidai hawaogopi kitu. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Alisimama na panga mpaka jua likatuchoma, midomo inamcheza, sijui anaomba au anaomba radhi, na anamwomba nani. Halafu akafyeka yote kwa hasira na kuyatupa bondeni, tukarudi nyumbani. Ndugu zangu, masale hayatupwi hivyo. Kipande kikiangukia udongo wenye unyevu kinaota. Mvua za vuli ziliponyesha, mteremko mzima kuanzia jiwe hadi kijito ulikuwa na masale yanachipua, mistari kwa mistari. Watu walisema yamekataa. Shemasi aliposikia, alijifungia ndani akakosa ibada, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Niliwahi kumwambia aache ushemasi apumzike. Alisema akiacha atakuja mwingine atakayemwaga ovyo, na akiendelea anawalisha watu sanamu. "Kila nikishika kile kikombe," aliniambia, "sijui nawalisha uzima au nawatega." Nilimpa maji ya kunywa, akayanywa, akauliza mabaki yake ayamwage wapi.

Kisha mambo yakafunguka. Tulizoea kusikia neno soko huria redioni, tukaliona lilipofika gulioni: mitumba ikamwagwa chini kama mahindi, sabuni za rangi zote, vitambaa vyeupe kadiri unavyotaka. Kanisa likapata vipaza sauti na vikombe vya plastiki ambavyo ukimaliza unatupa. Divai ikaja ndani ya boksi, imeandikwa zabibu kwa lugha za kigeni. Shemasi mpya alikuwa binti mwenye sauti nzuri na haraka nyingi. Mabaki waliyanywa watoto wa kwaya wakigombana. Shemasi wetu alilitazama hili kutoka benchi la nyuma, na nilitegemea atafoka. Hakufoka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeangalia ukuta unaoinama na watu wamekaa chini yake. Mumewe alipofariki, mwanawe alimchukua akaishi naye Same, na nikasikia anaumwa.

Nilishuka kumtazama msimu wa kiangazi, Same ikiwa vumbi tupu. Nyumba ya mwanawe ilikuwa ya matofali ya saruji, bati linalia kwa joto. Nilimkuta kitandani, amekwisha kabisa, mashavu yameingia ndani.

"Shikamoo, Shemasi."

"Marahaba. Funga mlango."

Nikafunga. Akaniuliza habari za Eliamani, nikamwambia yuko sekondari, mrefu kuliko baba yake. Alifumba macho. Niliona kwamba angependa nimwambie jambo jingine, kwamba yule mtoto alikuwa mtoto wa kawaida aliyepona kwa dawa ya kawaida, na nilimwambia hivyo, tena kwa sauti. Aliitikia kwa kichwa kunishukuru tu, hakuamini.

"Bado wanachota?" aliuliza.

Ningeweza kumdanganya. "Bado, Shemasi. Siku hizi hata kutoka chini wanakuja."

"Nisikilize. Mwanangu nimemwambia, anakataa, anasema ukoo utamla. Wewe utakuwa shahidi wangu. Msinipandishe. Nizikeni hapahapa."

Nilishtuka. Mpare akifia hata Dar es Salaam anarudishwa mgombani kwake, karibu na nyumba, karibu na waliomtangulia. Kuzikwa Same, kwenye makaburi ya watu wote, kati ya manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, ambao kwao hakujulikani, ni kumtupa mtu. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia mumewe yuko kule.

"Najua alipo." Alinishika mkono, na ule mkono ulikuwa wa moto. "Ukinilaza kule, kesho yake wananichota. Unaelewa? Wameshaanza na nilichomwaga, watamalizia na mimi. Sitaki saruji, sitaki msalaba, jina msiandike. Nilazeni mahali ambapo hakuna anayenijua."

Alikuwa anaogopa kuliko nilivyomwona siku ya panga. Hakuogopa kufa, kufa alikutaja kama kwenda sokoni. Nilimwahidi. Alinifanya nirudie kwa maneno, si kwa kichwa.

Alifariki kabla ya mvua. Ukoo ulifoka, wazee wakatuma ujumbe, mwanawe akaniita nikasema mbele yao nilichosikia, na maneno niliyotupiwa siku hiyo sitayaandika. Lakini walikubali. Tukamzika Same, makaburi ya wote, mlima wetu ukionekana kule juu umefunikwa na wingu. Hakukuwa na umati. Nilibaki mpaka wa mwisho ameondoka, nikiangalia mikono ya watu, nani anainama, nani anafunga ngumi. Hakuna aliyechota. Nilivua viatu nikavigonga kwenye jiwe mpaka vumbi likaisha, nikakung'uta na pindo la kanga, nikaona nimelipa deni langu kwake.

Nilipanda na pikapu ya tangawizi iliyokuwa inarudi tupu, nikafika nyumbani nimechoka, jua bado lipo. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, amezeeka, macho yamemwishia lakini anajua mlio wa hatua zangu.

"Umeniletea kidogo?" aliuliza.

"Sikuleta kitu, Mama."

Hakubishana. Aliinuka kwa kushika mlango, akaingia ndani taratibu, akatoka na beseni la maji. Katika miaka yote ya ndoa yangu mama mkwe hakuwahi kunitilia maji. Alipiga magoti mbele yangu, akapapasa mpaka akaupata mguu wangu mmoja, akautumbukiza.

"Pole na safari, mwanangu," alisema, akisugua vumbi la Same katikati ya vidole. "Tulia nikuoshe. Maji usiyamwage."